Mwangalizi wa Ukuta wa Mkolani

Nkwabi nilimfundisha mimi, na naanza kwa kusema kwamba kazi alikuwa anaijua. Watu wa mjini wamesema mengi juu yake, na wengi wao machimbo hawajawahi kuyakanyaga. Mimi nilikuwa nyapara pale. Shule niliacha darasa la tatu, lakini ukuta wa mawe naujua.

Machimbo yetu yalikuwa nje ya mji wa Mwanza, nyuma ya vilima vya Mkolani. Tulikuwa tunaukata mlima kutoka juu kwenda chini. Tunapasua jabali kwa baruti, tunavunja vipande kwa nyundo, malori yanapeleka mawe bandarini na kokoto relini. Hatukuingia chini ya ardhi kama watu wa dhahabu. Juu yetu ilikuwa mbingu tu, na mbele yetu ukuta. Ukuta ndio uliokuwa unaua. Jabali lenyewe ni gumu, lakini juu yake kuna udongo mwekundu, na juu ya udongo yamelala mawe makubwa kama nyumba. Mvua ikinyesha sana udongo unalainika, na jiwe lililokaa pale tangu dunia kuumbwa linashuka.

Kwa hiyo palikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kutazama. Asubuhi kabla watu hawajaingia, anapanda juu na kukagua kila ufa. Kwenye nyufa tulikuwa tunapaka chokaa kwa kukatiza, kama unavyobandika plasta kwenye kidonda. Chokaa ikipasuka, ufa umetanuka. Penye ufa mpana tulichomeka kabari ya mti. Ikilegea ukiigusa kwa kidole, ujue jiwe limesogea. Baada ya hapo anashuka na kusimama kwenye jukwaa la mbao upande wa pili, anapouona ukuta wote na watu wote. Pale jukwaani tulining'iniza kipande cha reli, na pembeni yake nondo fupi ya kukipigia. Chuma kikilia, kila mtu anaacha alichoshika na kukimbilia ghala la vifaa. Hakuna kuuliza.

Kazi hiyo ilikuwa ya Singasinga mmoja. Mwaka ule wa sitini na moja akafunga virago akarudi kwao, na wakubwa wa kampuni, kwa kuwa uhuru ulikuwa mlangoni, wakataka Mwafrika ashike nafasi yake. Lakini apimwe kwanza. Wakaniambia nitafute mtu.

Nikamtaja Nkwabi. Alikuwa mtu wa Misungwi, mwembamba, msemaji wa maneno machache. Toroli lilikuwa limembana nyonga, na tangu siku ile akawa anatembea kwa kuvuta mguu mmoja. Nyundo hawezi, toroli hawezi. Nilikuwa nimemficha ghalani akifagia na kunoa patasi, na wakubwa walikwisha niambia kwamba asiye na kazi kamili aondoke kambini.

Nilipompa habari hakuruka kwa furaha. Alikaa juu ya gunia akanitazama.

"Nyapara, na nisipofaulu?"

"Utakwenda kwenu."

"Nikirudi Misungwi hivi nilivyo, nitakuwa yule anayeachiwa kufukuza ndege shambani pamoja na watoto. Bora unifundishe vizuri."

Nikamfundisha. Kwa kweli hakuhitaji mengi. Mtu aliyewahi kubanwa na chuma anasikiliza kuliko sisi wengine. Alikuwa anaweka kiganja kwenye mwamba na kunyamaza, kisha ananiambia maji yanapita wapi nyuma yake. Akiona vijiwe vidogo vinadondoka na hakuna aliyekanyaga juu, anauliza kwa nini, na haondoki mpaka apate jibu.

Shida yake haikuwa macho. Shida yake ilikuwa Maige.

Maige alikuwa mtoto wa shangazi yake, mtoboaji wa miamba hodari kuliko wote tuliokuwa nao, kifua kama pipa na mdomo usiofungwa. Kwao Misungwi mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkeo. Anaweza kukunyang'anya kofia, kiatu, hata nyama chunguni, na huna pa kwenda kushtaki. Ukitaka chako, ukikomboe kwa kitu anachokitaka. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Mimi ni mtu wa Igogo, pale mjini, kwetu utani tunao pia, lakini wa hawa wawili ulikuwa umepita kiasi. Walikua kwenye boma moja, walichunga pamoja, na Maige ndiye aliyembeba Nkwabi mgongoni siku ile ya toroli, huku analia na huku anamtukana kwamba ni mzito kama fisi aliyeshiba.

Nkwabi alipoanza mazoezi ya kupiga chuma, Maige alikuwa anabaki chini na kuinua uso.

"Nani anapiga kengele? Misa imeanza?"

"Toka, Maige!"

"Padri mwenyewe kiguru! Sitoki mpaka nione divai!"

Na watu wakicheka, hawakimbii. Nikamwita Maige kando.

"Wewe unataka mwenzako afukuzwe?"

"Shikamoo, nyapara."

"Marahaba. Nijibu."

Akakuna kichwa. "Yule ni mtani wangu. Nikimtii mbele za watu, atalala vipi leo kwa kuvimba kichwa?"

"Mkaguzi wa kumpima anakuja keshokutwa. Atatazama jambo moja tu: chuma kikilia, watu wanatoka au hawatoki. Usipotoka wewe, hawatoki."

Maige akaacha kucheka. Jioni, watu walipokuwa wananawa kwenye pipa, nilimsikia akiwahutubia. "Sikilizeni. Siku ya mkaguzi huyu kiguru wangu akipiga chuma, mtu asibaki chini. Atakayebaki nitamshughulikia mimi, na kumbukeni ninyi si watani wangu. Ninyi nitawapiga kweli."

Mkaguzi alikuja, Mzungu wa makamo mwenye kofia ya jua, na karani Josephat akitafsiri. Hakuwa mtu mbaya. Alipanda juu pamoja nasi akamwambia Nkwabi aonyeshe hatari zote anazozijua. Nkwabi alikwenda ufa kwa ufa, akaeleza chokaa ya wapi ni ya lini, kabari ipi imelegezwa na mizizi tu na ipi imelegezwa na uzito wa jiwe. Kisha tukashuka mpaka jukwaani. Mkaguzi akangoja kitambo, watu wanafanya kazi, kisha akamgusa bega ghafla.

Nkwabi akapiga. Kabla mlio haujaisha Maige alikwisha tupa mtaimbo na kuruka kama swala, anawasukuma wenzake mbele yake, "Tokeni, tokeni, ng'ombe ninyi!" Machimbo yakabaki matupu. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akampa Nkwabi mkono. Nkwabi alinitazama mimi, siyo Mzungu, na macho yalikuwa yamelowa.

Maige alikuwa wa kwanza kuja jukwaani.

"Sasa umekuwa bwana. Utaanza kula kwa uma."

"Na wewe uhuru ukija utabaki pale pale shimoni."

"Uhuru ukija nitakupandisha cheo utazame mbuzi wa mama yangu. Nao wanaanguka anguka."

Wakacheka mpaka wakashikana. Sijawahi kumwona Nkwabi akicheka vile, kabla wala baada.

Baadaye mvua zikaanza. Mtu aliyekuwa Mwanza mwaka ule anazikumbuka mvua zile; ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu ufukweni. Machimboni tulikuwa tunafanya kazi siku moja, tunalala siku mbili. Nkwabi alipanda ukutani kila asubuhi na mguu wake ule, akishikilia mizizi, na mara nyingi alirudi akaniambia, "Leo hapana, nyapara," nami niliwarudisha watu bila ubishi.

Siku yenyewe jua lilikuwa limetoka. Alikagua juu akakuta chokaa zote nzima, akasema watu waingie. Mimi nikaenda ghalani kugawa patasi. Yaliyotokea hapo katikati niliambiwa na Kashindye, mtoboaji mwenzake Maige, aliyeyaona yote.

Nkwabi alipokuwa bado juu, Maige alipanda jukwaani akaichukua ile nondo ya kupigia chuma, akaichomeka kiunoni kama jambia. Mtu akipata cheo, mtani wake lazima amshushe kidogo, ndivyo walivyozoea. Nkwabi aliposhuka akakuta mahali pake patupu, na Maige yuko chini anatembea kwa maringo kiuno mbele.

"Jogoo!" Maige akapaza sauti. "Jogoo mwekundu, yule wa mkeo! La sivyo bwana mkubwa utapiga chuma kwa kichwa!"

"Nirudishie, kuna kazi."

"Jogoo kwanza."

"Basi saa ya chakula nitaikomboa."

"Na pilipili!"

Watu wakacheka, Nkwabi akacheka, kazi ikaanza.

Kosa liko hapo, silifichi. Mtazamaji asiye na nondo angesimamisha kazi, au angekuja kuniambia. Lakini mtu wa kwao hamshtaki mtani wake kwa nyapara. Angefanya hivyo, angekuwa amemwita Maige mwizi mbele ya kambi nzima, na utani wao ungekufa palepale. Alifikiri ni saa chache tu na jua linawaka. Hajui mtu udongo unafikiri nini baada ya mvua. Jua likipiga juu, maji yaliyo ndani yanatafuta njia.

Karibu na saa ya chakula nilisikia sauti ya ajabu kutoka jukwaani, ko, ko, ko, kama mtu anayegonga sufuria. Nikatoka nje. Nkwabi alikuwa ameshika jiwe, anaipiga reli kwa jiwe, na jiwe halitoi mlio. Alikuwa anapiga na kupiga kelele, "Tokeni! Tokeni!" Juu ya ukuta, mkono wa kushoto, niliona vumbi jembamba linashuka kama unga unaochekechwa.

Watu walitoka. Nataka ijulikane hivyo. Sauti haikuwa ya chuma lakini waliijua ni yake, na mazoezi yalikuwa yamewaingia miguuni. Walitoka wote isipokuwa mmoja.

Maige alikuwa chini kabisa, penye jabali. Aliinuka taratibu, akaichomoa nondo kiunoni, akaiinua juu na kuitikisa.

"Hata ukilia! Jogoo!"

Kashindye alipompita alimvuta shati. Maige akajinasua huku anacheka.

Nkwabi akalitupa jiwe. Akaruka kutoka jukwaani na ile nyonga yake, akaanguka, akasimama, akawa anakimbilia kule chini, kwenye ukuta, huku anaita, "Maige! Kweli! Siyo utani, kweli!"

"Ndivyo unavyosema siku zote!" Maige akamjibu.

Halafu akamwona jinsi anavyokimbia. Nadhani hapo ndipo alipojua, maana aliushusha mkono. Ukuta ukaja.

Mimi nilikuwa nimekwisha kumkimbilia; nilimdaka Nkwabi kiunoni tukaanguka wote wawili. Vumbi lilipotulia, pale penye jabali palikuwa na udongo mwekundu mbichi, umetulia kabisa, kama shamba lililolimwa jana.

Tulichimba mpaka tukampata. Sitaeleza.

Tulimpeleka Misungwi kwa lori la kampuni. Mama yake, shangazi yake Nkwabi, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alikwisha ambiwa yote. Kashindye hakuweza kunyamaza. Nilifikiri atamfukuza Nkwabi msibani. Watu walipokwisha kuchimba kaburi, na mwili unasubiri, yule mama alisimama akatazama huku na huku.

"Mtani wake yuko wapi?"

Nkwabi alikuwa nyuma kabisa, amejikunyata penye ua wa minyaa.

"Nkwabi. Mwanangu atazikwa kimya kama mpita njia?"

"Shangazi, siwezi."

"Ungekufa wewe, yeye angeweza. Njoo."

Kwao mtani ndiye anayewachekesha wafiwa. Anaigiza mwendo wa marehemu, anamtukana, anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Bila yeye mazishi hayakamiliki. Nkwabi akaja akivuta mguu. Akashuka kaburini, akajilaza chali.

"Hapa ni pangu," akasema. "Nimepaona mimi kwanza. Huyo mvivu mtafutieni kwingine, mkamlaze kwenye pombe, ndiko alikozoea."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha machozi.

"Na kifua chote kile hakitaingia humu. Mkateni."

Mama yake akacheka, mkono mdomoni, machozi yanapita kwenye vidole. Wakamletea Nkwabi kuku, kama desturi, ili atoke. Hakumpokea. Wakamletea na shuka. Akawa amelala vilevile, macho yanatazama juu, na maneno yamekwisha.

"Toka sasa, baba," shangazi yake akamwambia. "Inatosha. Umemtania vizuri."

Hakutoka. Ilibidi mimi na Kashindye tushuke, tumshike makwapa, tumpandishe. Alikuwa mwepesi kama kitanda cha kamba.

Mkaguzi alirudi baada ya mazishi. Alituweka ofisini, mimi, Nkwabi na karani Josephat, akauliza kwa nini chuma hakikulia. Mimi nikasema kweli yote, nondo ilichukuliwa na marehemu kwa utani. Josephat akatafsiri, Mzungu akakunja uso.

"Anauliza," Josephat akasema, "kwa hiyo aliibiwa?"

"Hakuibiwa," nikasema. "Mtani haibi."

Mkaguzi akamgeukia Nkwabi mwenyewe. Nkwabi alikuwa anatazama sakafu.

"Nyapara hakuwepo," akasema. "Nondo niliiweka mwenyewe mahali nikasahau. Marehemu hahusiki."

"Nkwabi!" nikamwambia. "Unajichimbia shimo kwa ajili ya nini? Yeye amekwisha kufa."

"Ndiyo maana. Hawezi kujitetea."

Nilikasirika nusura nimpige. Josephat alisita, kisha akatafsiri. Mzungu akawa anazungusha kofia yake mezani. Mwishowe akasema watu wengine wote walitoka wazima, na hilo analihesabu. Atampima upya. Akifaulu, atabaki.

Nilishukuru. Nilimwambia Nkwabi njiani, "Umeona? Fanya tu kama ulivyofanya mwanzo. Kazi ni yako."

"Ndiyo, nyapara."

Kesho yake tukapanda juu. Ukuta ulikuwa na sura mpya, lile pengo jekundu katikati. Mkaguzi akasema aonyeshe. Nkwabi akaonyesha. Alionyesha ufa ambao hata mimi nilikuwa nimeupita, mwembamba kama uzi, chini ya mzizi wa mtopetope. Aliongea polepole na vizuri, na Mzungu kila mara alikuwa anaitikia kwa kichwa. Moyo wangu ukatulia. Nikajisemea, amepona, huyu atabaki.

Tukashuka jukwaani. Watu walikuwa chini wanavunja mawe, wanajua kinachokuja. Reli ilikuwa palepale, na nilikuwa nimefunga nondo mpya kwa mnyororo. Mkaguzi akangoja, kisha akamgusa bega.

Nkwabi akaishika nondo. Akainua mkono. Akatazama chini, kwa watu, uso mmoja baada ya mwingine. Sijui alikuwa anatafuta nini. Mkono ukabaki hewani.

"Piga," nikamnong'oneza.

Hakupiga.

"Piga, Nkwabi. Mara moja tu."

Chini watu wakaacha nyundo. Waliinua nyuso wakamtazama. Kashindye akaita kwa sauti ya upole, ambayo sikujua anayo, "Piga basi, ndugu yetu. Tutatoka."

Mnyororo ukawa unalia, lakini chuma hakikulia. Ndipo Kashindye akaweka mtaimbo wake chini, akatembea kwenda ghalani. Mwingine akamfuata. Wakatoka wote, hawakukimbia, walitembea kama watu wanaotoka kumwona mgonjwa, mpaka machimbo yakawa matupu kabisa. Wakajipanga ghalani wakatutazama.

Nikamgeukia mkaguzi. "Wametoka," nikasema. "Bwana, umeona mwenyewe, wametoka wote."

Josephat akatafsiri. Mzungu akavua kofia, akasema neno fupi la kukataa, na Josephat hakulitafsiri. Halikuhitaji.

Nkwabi aliirudisha nondo mahali pake, taratibu, bila kuigonga popote.

"Nyapara," akaniambia, "tafuta mtu mwingine. Mtu ambaye hana mtu humo chini."

"Nani hana mtu humo chini?"

Alishuka jukwaani kwa mguu ule wa kuvuta, akaenda kukusanya vitu vyake. Mimi nikabaki pale. Watu walikuwa wanasubiri kurudi kazini, na sheria ilikuwa ileile, hakuna kuingia bila mtu jukwaani. Kwa hiyo nilisimama mimi, nikautazama ukuta, na Nkwabi akapita chini yangu na kifurushi chake akashika njia ya Misungwi. Sikuweza hata kumtazama akienda, kwa sababu mtazamaji haruhusiwi kugeuza shingo.